Bibi na babu kwenye fremu moja: uzoefu wangu wa kuagiza mchoro wa kidijitali

Mama alipostaafu ualimu sikutaka kumpa tena kitenge au seti ya vyombo. Kitu alichokikosa miaka yote nilikijua: picha ya wazazi wake wakiwa pamoja. Ya bibi ilipigwa Mji Mkongwe, na nyuma ina muhuri wa Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Babu amebaki kwenye picha ndogo ya paspoti, tena imekwaruzika hadi shavuni. Nikatafuta mchoraji wa kuwaweka pamoja.

Kwanza nilijaribu programu za bure za akili unde. Picha zilitoka zinang'aa, lakini yule si bibi yangu. Pua imenyooshwa, macho yamekuzwa, na pale karatasi ilipochakaa programu imejitungia sura. Kwa zawadi ya namna hii kufanana ndiko kila kitu. Mama anamtambua mama yake kwa jinsi alivyofumba mdomo, rangi hata ziwe nzuri vipi.

Mchoraji niliyempata yuko Dar es Salaam, na mambo yote tuliyamaliza kwa WhatsApp. Kilichonifanya nimwamini ni maswali yake. "Dada, kati ya bibi na babu nani alikuwa mrefu?" Akaniambia mwanga wa bibi unatoka kushoto na wa babu unampiga usoni moja kwa moja, kwa hiyo vivuli vya babu lazima avichore upya, la sivyo ataonekana kabandikwa. Akanisisitizia picha zikaskaniwe steshenari kwa nukta 600 kwa inchi na nizitume kama dokumenti, maana WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, na mikunjo midogo ya uso ndiyo hupotea kwanza. Mchoro wenyewe aliufanya wa pikseli 3508 kwa 4961, kipimo cha A3 kikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi.

Kazi kubwa ilikuwa rangi. Picha nyeusi na nyeupe haisemi kanga ilikuwa ya rangi gani, na kijana yule alikataa kukisia. Zamani mafundi wa studio walikuwa wakitia rangi kwa mkono, lakini wao mteja walikuwa naye mbele yao. Ikabidi nimpigie mama mdogo kwa siri. Akaikumbuka kanga papo hapo: mji mweupe, pindo jekundu. Akaongeza habari za vipuli vya dhahabu ambavyo bibi aliviuza baadaye ili watoto wasome. Hilo sikuwa nimelisikia kamwe. Kama huna mzee wa kumuuliza, ni bora mchoro ubaki mweusi na mweupe kuliko kubuniwa.

Rasimu ya kwanza ilinikera. Bibi alikuwa amefanywa mweupe kuliko alivyokuwa, na kovu lake dogo juu ya nyusi limefutwa. Mchoraji alieleza kwamba wateja wake wengi hutaka sura ilainishwe, basi mkono umeshazoea. Nilimwambia kovu lile ndilo bibi mwenyewe. Alilirudisha, na rangi ya ngozi akaisawazisha vizuri sana, bila kunidai nyongeza, kwa kuwa tulikubaliana mapema kuwa marekebisho mawili yamo kwenye bei. Hilo liulize kabla ya kutuma hata shilingi.

Nililipa 90,000: nusu kianzio, nusu baada ya kuona sampuli yenye jina la mchoraji katikati. Kuchapa na fremu ni gharama nyingine, kwangu 65,000. Mama anaishi Unguja, na kwa unyevu ule picha ikigusa kioo hugandana nacho, kwa hiyo nilidai iwekwe kadibodi ya kuvitenganisha. Fundi fremu akikwambia haina haja, usimkubalie.

Mama aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa ukali kabisa, "Nani kakwambia pindo lilikuwa jekundu?" Nilipomtaja mdogo wake alimpigia simu hapo hapo, wakaongea mpaka salio likaisha.

Kazi hii naipa alama tisa kwa kumi. Moja naikata kwa ile rasimu. Sasa nimeagiza ya wazazi wa baba, na safari hii nimetuma picha tatu za kila mmoja pamoja na maelezo ya makovu.