Injini Inapozimika Kabla ya Uwanja: Kuivuta Ndege au Kutua Shambani

Rubani wa ndege ndogo ya injini moja aina ya Cessna 172S ambaye injini imezimika akikaribia uwanja huona dalili moja iliyo wazi: mwanzo wa njia ya kutulia unapanda kwenye kioo cha mbele, maana yake hatafika.

Chaguo la kwanza ni kuinua pua ili ndege ijivute hadi kwenye lami. Hilo huvutia mno, na ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu ndege hii ikiwa na uzito wake wa juu huteleza hewani mbali zaidi kwa mwendo wa takriban kilomita 126 kwa saa. Pua ikiinuliwa, mwendo huo hupungua, masafa hufupika, na hatimaye mabawa hupoteza nguvu ya kuibeba, ndege ikadondoka pua chini kutoka kimo kisichotosha kuiokoa.

Chaguo la pili ni kuushikilia mwendo huo na kutua shambani. Magurudumu huenda yakavunjika, lakini ndege hugusa ardhi ikiwa bado inamtii rubani. Bukoba, ambako njia inapakana na Ziwa Victoria, shamba hilo huweza kuwa maji, na hapo uamuzi huwa mgumu zaidi.