Soko la Jumapili la Bastille: nimefokewa kwa kugusa mishiri ya kwetu

Bado nina hasira, kwa hivyo mnivumilie. Nipo Paris kwa binamu yangu, na tangu nishuke ndege wimbo ulikuwa mmoja: ngoja Jumapili nikupeleke soko la Bastille. Jumapili ikafika. Tukatoka kwenye metro, tukapita ile nguzo kubwa ambayo wageni wote tunadhani ni ya mapinduzi ya 1789 (ni ya 1830, binamu alinisahihisha, anapenda sana kusahihisha), na meza zikaanzia hapo hapo, safu kwa safu kwenye Boulevard Richard-Lenoir. Eti chini ya miguu yetu kuna mfereji na mashua zinapita. Sikuona maji. Niliona kuku, wanazungushwa kwenye vyuma, mafuta yakidondokea viazi vilivyopangwa chini yao. Nikasema moyoni, leo nitakula.

Halafu nikaona mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayoliwa na maganda yake.

Kule kila kibao cha bei lazima kitaje nchi bidhaa ilikotoka, na hiki kilikuwa kimeandikwa kwa chaki: Kenya. Jamani. Mimi nimekulia Mwea, nimechuma mishiri tangu nikiwa darasa la tatu. Unaamka giza, unachuma kabla jua halijawaka, kisha broka anakuja kuchambua: huu mnene, huu umepinda, huu una doa. Myembamba kabisa, ile ya bei nzuri, haitakiwi kuzidi milimita 6. Iliyokataliwa ni ya ng'ombe. Mwaka 2013, Ulaya ilipokaza ukaguzi wa dawa za wadudu, ng'ombe wetu walikula mishiri mpaka wakaanza kuigeuzia uso. Na sisi wakati wote huo tukiiita maharagwe ya Kifaransa! Wafaransa wenyewe wanaiita maharagwe ya kijani, basi.

Kwa hiyo nilifanya anachofanya mtu yeyote wa kwetu. Nikachukua mmoja, nikauvunja. Ukilia ka! ni wa juzi. Ukijikunja bila sauti, umechoka.

Ulilia. Lakini sikupata hata nafasi ya kufurahi, kwa sababu mama muuzaji alinipokonya vile vipande mkononi. Alinipokonya, sitii chumvi, kucha zake zilinigusa. Akamwaga Kifaransa kirefu ambacho nilidaka neno moja tu, "madame", na alivyolitamka lilikuwa tusi. Vikongwe wenye vigari vyao vya kukokota wakasimama kutazama. Mishiri pengine imechumwa na jirani yetu, mimi nikiigusa naonekana mwizi!

Nikamgeukia binamu anitetee. Unajua aliniambia nini? "Dada, hata hujamsalimu."

Hapo ndipo nilipochemka kabisa. Mimi? Mimi niliyelelewa kusalimia hadi mtu anayepita ng'ambo ya mto? Lakini nikirudisha mkanda nyuma, kweli sikusema neno. Niliona Kenya nikapeleka mkono. Huku usipoanza na "bonjour" wewe ni mshenzi, halafu matunda na mboga haziguswi, muuzaji ndiye anayekuchagulia. Hata kulikuwa na kikaratasi kinachosema msiguse. Kwa Kifaransa, lakini kilikuwepo.

Nikanunua kwa kiburi, nusu kilo, euro 4. Mama yangu aliwahi kulipwa shilingi 40 kwa kilo nzima, tena siku ambayo broka aliamka vizuri. Na yule mama, kabla ya kufunga mfuko, alichukua ule mshiri niliouvunja, vipande vyote viwili, akavitia kwenye mzani.

Sasa shida yangu ni hii. Alikuwa na matikiti madogo, yale ya ngozi ya kijivu na nyama ya rangi ya machungwa. Nikasema bonjour kwa sauti ya darasani, mikono nyuma. Akauliza, binamu akitafsiri: la mchana huu au la usiku? Mama mboga wangu wa Nairobi ananiuliza hivyo hivyo kuhusu avokado, ya leo au ya kesho. Akainua moja, akanusa kitako, akarudisha. La pili, akarudisha. La nne ndilo akanipa. Usiku tulipolikata, sisemi kitu. Binamu alikunywa maji yaliyobaki kwenye sahani.

Na pichi? Pichi nilinunua meza ya mbele, kwa kijana mcheshi, tabasamu sikio hadi sikio, aliyejifunza hata "asante" papo hapo. Alijaza mfuko mwenyewe huku akinichekesha. Mbili za chini zilikuwa na ukungu.

Kwa hiyo sijui nimkasirikie nani. Nilipanga kulipatia soko hili nyota moja. Nilipofika kwenye tikiti nikapandisha hadi nne. Nikikumbuka zile kucha narudi mbili. Kuku peke yake ni tano, tuweke hivyo, ila nendeni kabla ya saa tano maana foleni yake si mchezo.

Binamu anasema soko lipo Alhamisi pia, twende tena. Nimekubali. Ila mishiri siigusi. Nitamwonyesha kwa kidevu.