Land Rover ya Marehemu Mjomba na Gereji ya Ngamiani

Marehemu mjomba wangu aliacha Land Rover moja ya kijani uani kwake Pongwe, chini ya mwembe, na pamoja nayo aliacha kauli ambayo sisi wapwa zake tuliisikia tangu utotoni, kwamba gari lile lilifika Kagera wakati wa vita. Yeye mwenyewe alilinunua mnadani, miaka ya 1980, kutoka shamba moja la mkonge, na hakuwahi kuonyesha karatasi yoyote ya kuthibitisha alichokuwa akisema. Mwaka jana familia iliponikabidhi gari hilo nilikuwa na haja mbili: kwanza litembee, na pili nijue kama kauli ya mjomba ilikuwa ya kweli. Gereji ninayoieleza hapa ilinitimizia haja ya kwanza vizuri sana, na ilikuwa ukingoni mwa kunitimizia ya pili pale ilipoiharibu yenyewe kwa msasa wa dakika chache.

Gereji hiyo ipo Ngamiani, jijini Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zenye namba, na haina kibao. Anayeitafuta huitambua kwa mabaki ya Land Rover mbili yaliyoegemezwa ukutani. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa lalamiko langu ni zito na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Fundi mkuu ni mtu wa zaidi ya miaka sabini, ambaye vijana wote humwita Mzee. Baada ya shikamoo na marahaba hakuniuliza nina shilingi ngapi, kama nilivyozoea kuulizwa kwingine, bali aliuliza kama ninataka gari la kutembelea au ninataka gari la mjomba. Nilipomjibu kwamba ninataka yote mawili, aliguna na kuingia uvunguni.

Huko alikaa karibu saa nzima. Alikuwa na nyundo ndogo ambayo aliigonga taratibu kila baada ya shubiri moja ya chesisi, akisikiliza: chuma kizima kililia, na kilicholiwa na kutu kwa ndani kilitoa sauti ya gunia. Kisha alisugua kwa brashi ya waya mkono unaoshika springi ya mbele, upande wa kulia, ambako ndiko namba ya chesisi ilikogongwa kwenye Land Rover za enzi hizo, akapitisha chaki juu yake, na tarakimu zikajitokeza nyeupe. Zilianza na 252. Akanieleza kwamba kwa utaratibu wa kiwanda 251 ilikuwa Series IIA ndefu, yaani yenye inchi 109 kati ya ekseli mbili, ya petroli na usukani wa kulia, iliyouzwa Uingereza kwenyewe. 252 ni hiyo hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za nje. Na 253 ni ile iliyosafirishwa vipandevipande ili iunganishwe iendako. Aina hiyo ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, na kwa kuwa taa zetu kubwa bado zimo katikati, kwenye wavu wa mbele, wakati mwishoni mwa miaka ya 1960 zilihamishiwa kwenye madigadi, gari lilielekea kuwa la kabla ya hapo. Hata hivyo Mzee alionya kwamba madigadi hubadilishwa kama shati, na ndiyo sababu yeye huanzia kwenye chesisi.

Hapa niseme kwamba wengi wetu Tanga, na mimi nikiwemo, tumekuwa tukiamini kuwa kila Land Rover ya kijani ni ya jeshi, jambo ambalo madalali wa magari wanalifahamu na kulifaidi. Ukweli ni kwamba kijani kile kilichokolea, ambacho kiwanda kilikiita Bronze Green, kiliuzwa kwa raia yeyote aliyekitaka. Alama za gari lililoundwa kwa ajili ya jeshi ni nyingine: matangi mawili ya mafuta chini ya viti, vishikio vya sululu na koleo, ndoano kubwa ya kuvutia nyuma, taa ndogo za kuendea gizani, na umeme wa volti 24 kwa yale yaliyobeba redio. La kwetu lilikuwa na tangi moja, umeme wa volti 12, na boriti yake ya nyuma haikuwa na tundu hata moja la kufungia ndoano ya namna hiyo.

“Halikuzaliwa jeshini,” alisema Mzee akijifuta mikono, “lakini hata mimi sikuzaliwa jeshini, na nilikwenda.”

Alichokuwa akikigusia kinafahamika. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, serikali ilikusanya magari ya mashirika ya umma na ya watu binafsi ili kubeba askari na shehena hadi mpakani, na mashamba mengi ya mkonge yalikuwa mikononi mwa umma tangu kutaifishwa kwake mwaka 1967. Kwa hiyo gari la meneja wa shamba la Tanga kufika Kagera si jambo lisiloingia akilini. Kilichohitajika ni ushahidi, na ushahidi ulikuwa kwenye rangi.

Kazi ya rangi ndiyo iliyonifanya niiheshimu gereji hii. Juu ya boneti, mahali padogo pasipozidi kiganja, Mzee alisugua kwa msasa wa maji kwa mzunguko, akilegeza mkono kadiri alivyotoka katikati, mpaka tabaka zote zikaonekana kwa pamoja kama pete za kisiki. Katikati ilikuwa alumini tupu, ikifuatiwa na rangi ya msingi, kisha Bronze Green inayong’aa, kisha kijivu, kisha kijani kilichofifia kisichong’aa kabisa, na mwisho kijani cha mjomba ambacho sote tulikikuta. Ile isiyong’aa ilipakwa kwa brashi, tena kwa haraka. Mistari yake ilionekana wazi, na unywele mmoja wa brashi ulikuwa umegandia ndani yake. Mtu hapaki gari la meneja rangi ya namna hiyo kwa kutaka urembo. Kwa ushauri wa gereji niliandika pia kwa British Motor Museum, Gaydon, Uingereza, ambako kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa na mwenye gari anaweza kulipia cheti cha asili yake. Cheti kilikuja kikisema kwamba rangi ya kwanza ilikuwa Bronze Green, kama tabaka zilivyokwisha kutuambia, na kwamba gari lilipelekwa Dar es Salaam.

Sasa lalamiko. Katika tabaka lile lisilong’aa, Mzee alikuwa ameona kwenye mlango wa kulia dalili ya namba iliyoandikwa kwa mkono, akasema tutaifunua polepole siku ya Jumamosi nikiwepo. Siku ya Alhamisi kijana wa rangi, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, aliikuta milango miwili imeegemezwa ukutani, akachukua mashine ya msasa na kuanza na huo wa kulia. Nilipofika uliniangaza machoni kama sufuria jipya. Kijana hakuwa na kosa, maana aliifanya kazi yake vizuri. Kosa ni la gereji ambayo maarifa yake yote yamo kichwani mwa mtu mmoja, ambayo haiandiki chochote ubaoni wala haibandiki hata kipande cha karatasi chenye neno “usiguse”, na kwa sehemu ni langu pia, kwa kuwa nilikuwa na simu mfukoni siku ya kwanza na sikupiga picha. Mzee aliomba radhi na kuniondolea gharama ya kupaka milango yote miwili. Nilizipokea radhi zake. Kilichofutwa kimefutwa.

Ulibaki mlango wa kushoto, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo peke yake lilistahili safari zote za Ngamiani. Umeme ulikuwa umekatika magharibi, nasi tulikuwa tukijiandaa kufunga, Mzee alipochukua tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa mlango, mwanga ukikwaruza uso wa bati badala ya kuupiga kwa mbele. Chini ya kijani cha mjomba, ambacho mchana kilionekana laini, kingo za rangi nene ziliinuka na kutupa vivuli vyembamba: nne, saba, na pembeni yake mstari ulioweza kuwa moja au mkwaruzo tu. Tuliupiga picha kutoka pande nne. Tarakimu mbili hazitoshi kumtafuta mtu wala kikosi, lakini hakuna shamba la mkonge nililolijua lililoandika namba zake kwa brashi ya namna ile, na pengine mlango wa kulia ungetupa zilizobaki.

Kwa upande wa ufundi wenyewe nina machache ya kulalamikia. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, kwa sababu ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma cha bati baada ya vita, na kwa hiyo hewa ya chumvi ya pwani yetu huisamehe bodi lakini haiisamehi chesisi. Adui wa bodi ni pale alumini inapokutana na chuma penye unyevu wa chumvi, ambapo alumini ndiyo inayoliwa na kubaki unga mweupe. Kila palipokuwa na boliti ya namna hiyo walikata pete ya mpira wa tyubu kuukuu, wakaipaka grisi na kuiweka katikati. Ni dawa ya bei ndogo na imefanywa kwa uangalifu mkubwa. Injini ya lita 2.25 waliifumua na kuirudisha ile ile, wakati gereji mbili nilizopitia kabla zilitaka kunifungia ya Toyota.

Tulibishana kuhusu chesisi. Mikono minne inayobeba bodi ilikuwa imeoza, nami kwa ushamba wangu nilitaka ibaki kwa kuwa ni ya asili. Nilijipinga mwenyewe nilipoikumbuka meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi majini 1927, kisha katika miaka ya 1970 ikavuliwa injini za mvuke na kufungwa za dizeli. Hakuna Mkigoma atakayekubali kwamba hiyo si meli ile ile. Mikono ikakatwa na mipya ikachomelewa, na ile ya zamani nikapewa ndani ya kiroba, kila mmoja ukiwa na alama ya chaki ya mahali ulipotoka, jambo linaloonyesha kwamba kuweka alama wanakuweza wakitaka.

Nililipa shilingi 6,800,000 bila vipuri, kwa miezi minne badala ya miwili niliyoahidiwa. Mwenye Land Rover ya kazi tu atapata kwingine kwa bei nafuu na kwa haraka zaidi. Mwenye gari lenye hadithi ndani yake alipeleke hapa, lakini alipige picha kila upande kabla halijavuka geti, akubaliane kwa maandishi ni wapi pasiguswe, na azungumze na kijana wa rangi ana kwa ana.

Gari linatembea. Mlango wa kulia umepakwa, na wa kushoto nimeufunga shuka na kuuweka chumbani nyuma ya kabati. Mahali pake nimefunga mlango wa samawati niliouokota kwa wauza chuma chakavu, usiofungika mpaka ubamizwe mara mbili, na mke wa mjomba, ambaye hukaa upande huo tunapokwenda sokoni, ameniuliza mara moja tu nitaupaka lini.