Mpira mmoja wa moto, magoblini tisa: uzoefu wangu na kanuni za bure za D&D

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, sebuleni kwangu, Shangani hapa Mtwara, na mwendesha mchezo ni mimi. Kitabu hatuna. Tunatumia SRD 5.1, kanuni za msingi za kupakua bure, ambazo tangu 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Nilichapisha kurasa za mapigano na za uchawi tu (steshenari yenyewe wino ulikuwa unaishia, nusu ya ukurasa nasoma kwa kukisia).

Kilichokuwa kinanitia hofu ni pigo moja linalopiga wengi. Jumamosi likatokea. Kwenye manila kulikuwa na korosho tisa, ndiyo magoblini (vijitu viovu vya mchezo), na kizibo cha soda, mkuu wa majambazi. Mdogo wangu, ndiye mchawi wetu, akatupa mpira wa moto, uchawi unaolipuka. Akahesabu miraba minne kila upande, maana kila mmoja ni futi 5 na moto unafika futi 20 toka katikati. Mume wangu naye alikuwa humo ndani.

"Shemeji, hivyo umeniona kweli?"

Kanuni hapa imenifurahisha: madhara yakiwapata wengi kwa mpigo, dadu zake hurushwa mara moja kwa wote. Zinatakiwa nane, tunazo nne za ludo, tukarusha mara mbili. Ikatoka 31. Kisha kila aliyeguswa anarusha dadu ya kujiokoa, akifaulu anaumia nusu, yaani 15. Lakini goblini ana pointi 7 za uhai! Afaulu asifaulu, kafa. Basi sikurusha dadu tisa za bure, korosho zikaliwa palepale. Ikitoka chini ya 14 ndipo utahangaika na kila mmoja. Nikawarushia wawili tu: mkuu akafaulu, toka 65 akabaki na 50. Mume wangu alikuwa na 28, akafeli, chini. Hadi leo ananuna.

Uchawi mwingine, miale ya moto, ndio unaochosha. Miale iko mitatu, na kila mmoja una dadu yake ya nyuso 20 ya kulenga, halafu mbili za madhara. Kwetu dadu ya nyuso 20 iko kwenye simu, kwa hiyo ni kupokezana simu mpaka chai inapoa. Siku hizi namtaka mchawi ataje walengwa wote watatu kabla hajagusa simu, maana mwanzo alikuwa akibadili mawazo kila mwale.

Nyota nne. Ya tano imeungua na miale.