Midoli ya manyoya iliyoacha kutengenezwa: tuinunue wapi hapa Mbeya?

Mdoli ukishaachwa na kiwanda, dukani hauji tena. Iliyobaki ni ile iliyokwisha kuuzwa, na mingi iko kwenye makabati ya watu Ulaya na Marekani. Mtoto akikua, mama anaitoa pamoja na nguo, inafungwa kwenye belo, inapanda meli. Ndiyo maana nasema mkusanyaji wa Mbeya asijione yuko mbali na mambo. Nimepanga sehemu za kununua kuanzia ninayoiamini zaidi.

1. Meza za mtumba, masoko ya Sido na Mwanjelwa, siku belo linapofunguliwa

Hapa hapana mpinzani. Mdoli unaushika mwenyewe, na muuzaji anapanga bei kwa ukubwa, si kwa jina. Dubu mkubwa asiye na lolote anaweza kuitiwa elfu kumi, huku mnyama mdogo wa Ty, kampuni ya midoli ya Marekani, anatupwa kwenye fungu la jero jero. Nenda asubuhi, salimia vizuri, uliza mzigo wa midoli unafunguliwa lini, acha namba yako. Mama ninayenunua kwake hunipigia mwenyewe: "Mwanangu, wanyama wameingia." Nikifika naanza na shikamoo, bei baadaye.

Ukishika mdoli usiangalie sura kwanza. Geuza, tafuta lebo ya kitambaa iliyoshonewa kwenye mshono wa nyuma, karibu na mkia. Kwa midoli ya Ty, ile kadi nyekundu ya umbo la moyo inayoning'inia sikioni mara nyingi imeshang'oka njiani, lakini lebo ya mshono hubaki. Kwenye Beanie Babies, midoli ambayo Ty iliianzisha 1993, lebo hiyo hukuonyesha jina la kampuni, mwaka, na mara nyingi aina ya punje za plastiki zilizomo tumboni: P.V.C. au P.E. Punje za P.V.C. ni za miaka ya mwanzo zaidi. Ila mwaka uliochapwa ni wa haki ya ubunifu. Mdoli wenyewe unaweza kuwa umeshonwa miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa sababu ya tarakimu hizo peke yake.

Angalia na rangi. Mwaka mmoja, mwezi Juni, ukungu bado umeufunika mlima Loleza, nilichomoa tembo wa bluu chini ya rundo la sweta. Moyo ulinidunda. Tembo wa Ty aitwaye Peanut alitoka 1995 akiwa na bluu iliyokoza, kisha baada ya muda mfupi rangi ikabadilishwa kuwa bluu mpauko, na yule wa kwanza ndiye anayesakwa na wakusanyaji dunia nzima. Nilimpeleka kwenye mwanga, nikafunua kwapani, mahali ambapo jua na sabuni havifiki sana. Bluu mpauko mpaka ndani. Alikuwa yule wa kawaida. Nilimnunua hivyo hivyo, jero, kwa sababu mishono yake ilikuwa mizima na macho hayana mkwaruzo. Tangu siku hiyo kila mdoli naufunua kwapa kabla sijataja bei.

2. Familia zinazohama

Wageni wanaomaliza mikataba Mbeya, Iringa au Njombe huuza vyombo vya nyumbani kabla ya kuondoka, na vya watoto huwa vya mwisho kuangaliwa. Nafasi hii haiji kila mwezi, ndiyo maana nimeiweka ya pili, lakini ikija huwa nzito. Huku ndiko unakoweza kukutana na Steiff, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa na Margarete Steiff 1880. Papasa sikio la kushoto: tangu 1904 wanabana kifungo cha chuma pale. Chini ya kifungo huwa na lebo ya kitambaa. Ya njano ni ya midoli ya kawaida. Nyeupe huwekwa kwenye matoleo ya idadi maalumu na nakala za midoli ya zamani. Kifungo kikiwa kimeng'oka, kwa kawaida utaona tundu dogo lililobaki.

Mwambie mwenye nyumba ukweli kuhusu alichonacho. Mji wetu ni mdogo, na mtu uliyemlipa vizuri hukuunganisha na anayehama baada yake.

3. Mtandaoni, kutoka nje

Faida yake ni moja: unapata mdoli ule ule unaoutaka. Lakini jumlisha usafirishaji na ushuru kabla hujabonyeza, maana gharama hizo zinaweza kuupita mdoli wenyewe. Na usisome bei zinazoombwa, soma bei ambazo watu wamelipa kweli. eBay ina sehemu ya kuchuja vilivyouzwa. Dubu wa zambarau aitwaye Princess, aliyetolewa 1997 kumkumbuka Princess Diana wa Uingereza, utamkuta ameandikiwa mamilioni ya shilingi, wakati wengi wa aina yake huuzwa kwa fedha ndogo tu. Walitengenezwa wengi mno.

4. Maduka ya midoli mjini

Kwa zawadi ya mtoto, sawa kabisa. Kwa mkusanyaji, hapana: iliyopo ni mipya, na mingi haina lebo ya kukueleza chochote.

5. Kununua belo zima

Sishauri. Huruhusiwi kulifungua kabla ya kulipa, na midoli mingi ndani itakuwa ya kawaida au imechanika. Mwachie mfanyabiashara mwenye meza hasara hiyo na faida yake, wewe chagua juu ya meza.

Ukishanunua, usiuweke mdoli kitandani siku hiyo hiyo. Ufunge kwenye mfuko wa plastiki, uweke kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne ili kunguni wafe. Kisha futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. Wale wa zamani waliojazwa nyuzi za mbao, ambao ukiwabonyeza wanatoa mlio kama nyasi kavu, usiwaloweshe kabisa. Anika kivulini penye upepo. Jua la huku juu linapausha manyoya upesi kuliko unavyofikiri.