Hadubini ya karatasi na programu tatu za simu za kuanzia mwaka

Kati ya vitu vya mfukoni vya kununua mwaka huu, Foldscope tunaiweka ya kwanza. Ni hadubini ya karatasi ngumu isiyolowa maji, inayokuja bapa na kukunjwa na mnunuzi mwenyewe. Iliundwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Manu Prakash na Jim Cybulski, na makala yao ya kitaalamu ilichapishwa mwaka 2014. Lenzi yake ni tufe dogo sana, lakini hukuza mara 140 na kutenganisha vitu vya upana wa mikromita 2 hivi. Kwa kifaa kinachoingia kwenye daftari, huo ni uwezo mkubwa.

Anza na utando wa kitunguu. Kata kitunguu, bandua ule utando mwembamba wa upande wa ndani wa ganda, ulaze kwenye slaidi bila mikunjo, tia tone moja la maji, kisha funika kwa selotepu angavu. Tone la iodini likiwepo, seli zitaonekana wazi zaidi, zimepangwa kama matofali ya ukuta. Ingiza slaidi, sogeza jicho hadi kope zikaribie kugusa karatasi, elekea dirishani, kisha vuta au sukuma polepole mkono wa kulenga mpaka picha itulie. Usilielekeze jua lenyewe hata kidogo, maana lenzi hukusanya mwanga na jicho linaweza kuungua. Usiku tumia tochi ya simu nyingine, na mbele yake weka karatasi nyeupe nyepesi ili mwanga usambae.

Wengi hukata tamaa katika dakika kumi za kwanza, na sababu karibu kila mara ni zilezile. Sampuli ni nene, hivyo mwanga haupiti na mtu anaona giza tu. Au sampuli haiko chini ya lenzi: eneo linaloonekana ni dogo mno, kwa hiyo sogeza slaidi kwa vidole gumba, kidogo kidogo. Picha ikiwa na ukungu, kuna alama ya kidole kwenye lenzi. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Tone la maji ya bwawa nalo hukauka haraka lisipozibwa pande zote.

Kupiga picha, bandika pete ya sumaku kuzunguka kamera kuu ya simu ili ishikamane na Foldscope. Simu zenye kamera tatu au nne husumbua, kwa sababu zikihisi kitu kiko karibu huhamia zenyewe kwenye kamera nyingine na picha hupotea. Zima ubadilishaji huo kwenye mipangilio ya kamera. Na tuseme wazi: hiki ni kifaa cha kujifunzia. Mtu asikitegemee kujipima malaria nyumbani.

Upande wa programu, phyphox ndiyo ya kuanza nayo. Imetengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ni ya bure, haina matangazo, na ukishaipakua haihitaji bando. Inachofanya ni kukufungulia vihisi vilivyomo ndani ya simu: mwendo, sumaku, sauti, mwanga, na kwa baadhi ya simu mgandamizo wa hewa. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu (kihisi cha mzunguko) wala kipima mgandamizo. Majaribio yanayovihitaji huonekana yamefifia kwenye orodha, na hakuna mpangilio wa kuyafungua.

Jaribio la kupima kasi ya sauti ndilo tamu kuliko yote. Simu mbili, watu wawili, umbali wa mita 5 uliopimwa kwa futi kamba. Kila mmoja aweke simu yake miguuni na kufungua Acoustic Stopwatch, saa ya phyphox inayoanzishwa na kusimamishwa kwa sauti. Wa kwanza apige kofi moja kali: saa zote mbili zinaanza. Wa pili apige lake: zinasimama. Toa muda mdogo kwenye muda mkubwa, kisha gawanya mita 10 (ule umbali mara mbili) kwa jibu hilo. Kwenye joto la nyuzi 30, tofauti iwe karibu sekunde 0.0286, yaani mita 350 hivi kwa sekunde. Saa ikijizima mara tu baada ya kuanza, imesikia mwangwi wa kofi lilelile. Ongeza muda wa chini wa kusubiri hadi sekunde 0.3 na usogee mbali na kuta. Ikianza kabla ya kofi, upepo au jenereta ya jirani imeishtua. Pandisha kiwango cha sauti kinachoianzisha. Rudieni mara tano na kuchukua wastani, kwani kosa la milisekunde moja tu hubadilisha jibu kwa zaidi ya mita 10 kwa sekunde.

Stellarium ni ya anga. Januari ni mwezi mzuri kuijaribu: katikati ya mwezi, mnamo saa mbili na nusu usiku, ukiwa Dar es Salaam kundi la nyota la Kilimia liko juu upande wa kaskazini. Nyota zikionekana pasipo pake, kosa ni la dira. Vua kava yenye sumaku, kisha zungusha simu hewani kwa umbo la nane mara kadhaa.

Merlin Bird ID, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, hutambua ndege kwa picha, kwa sauti, au kwa maswali machache kuhusu ukubwa, rangi na mahali alipoonekana. Pakua kifurushi cha eneo lako ukiwa kwenye waifai, kwa sababu ni kizito, na hakikisha simu ina nafasi. Kwa utambuzi wa sauti haijui ndege wote, hivyo jina linalotokea mara moja na kutoweka lithibitishe kwa macho kabla ya kuliandika.