Kibegi cha maji cha lita 2: uzoefu wangu kwenye miteremko ya Newala

Kama mbio zako zinaishia Shangani na katikati ya mji wa Mtwara, usinunue. Maduka yenye friji hayakosekani njiani, na chupa ya mkononi inatosha. Kibegi hiki nakipendekeza kwa moyo mweupe kwa wale wanaopanda Newala na kikundi, wakashuka hadi bondeni na kurudi juu kwa miguu yao wenyewe. Huko maji ndiyo yanayoamua utafika wapi.

Kwa asiyekujua: uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha inazama moja kwa moja, kwa hiyo juu huko hukuti kijito cha kukinga kiganja. Chemchemi zinatokea chini kabisa, kwenye kitako cha mteremko. Ndiyo maana nyumba nyingi zina visima vya kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na maji ya bomba ya mradi wa Makonde inabidi yasukumwe kwa pampu kutoka bonde la Mitema. Kiangazi kikikolea, ndoo ya maji ina bei yake. Sasa fikiria kundi zima la wakimbiaji linapiga hodi kwa mama mmoja likiomba kujaziwa chupa. Hatakunyima, watu wa kule ni wakarimu mno, lakini utaona jicho lake linavyokwenda kwenye pipa. Sisi tulikubaliana mapema kwamba kila mtu abebe ya kwake.

Kibegi chenyewe ni kama fulana ya mikanda. Mgongoni kuna mfuko laini wa lita 2 na mrija unaopita begani mpaka kifuani, mbele kuna mifuko midogo ya simu na chakula. Nilikiagiza kwa muuzaji wa Kariakoo kwa elfu 65, kikaja na basi. Hakina jina kubwa.

Njia yetu tunayoipenda inaanzia Newala mjini kabla jua halijatoka, inapita Shimo la Mungu, pale ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linalala mbele yako hadi Msumbiji ng'ambo. Kutoka ukingoni tunashika vijia vya watembea kwa miguu kuteremka. Hapo ndipo kibegi kilipojilipa. Mteremko una mchanga mwekundu unaoteleza juu ya udongo mgumu, mizizi imetokeza, na mahali pengine lazima ushike mti ndipo uweke mguu chini. Mwenye chupa mkononi ana mkono mmoja tu wa kujishikilia. Mwalimu tuliyekuwa naye, ambaye ni hodari kunizidi kwenye tambarare, alikuwa anasimama kila kona ahamishe chupa. Mimi nilishuka mikono yote miwili ikiwa huru.

Kuhusu kuchezacheza mgongoni: kikiwa na hewa ndani, maji yanapiga chwa, chwa kila hatua na kibegi kinaruka. Dawa yake ni ndogo. Jaza mfuko, ufunge, ugeuze juu chini, kisha nyonya mrija mpaka hewa yote itoke na maji yafike mdomoni. Baada ya hapo kinatulia kimya.

Akina dada wenzangu, mikanda miwili ya kifuani inapanda na kushuka kwenye reli yake, kwa hiyo unaipanga mmoja juu ya matiti na mwingine chini. Vibegi vingi nilivyovijaribu dukani vina mkanda mmoja uliokaa pabaya palepale katikati. Hiki hakinibani hata nikivuta pumzi kubwa kwenye mpando. Kwapani kinachubua kidogo saa za mwisho, paka Vaseline kabla ya kuanza.

Kasoro kubwa ni mdomo wa mrija, hauna kifuniko. Mtu wa Dar anaweza kuona ni jambo dogo. Mwezi wa saba kusini wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, na wanapuliza alfajiri wakati upepo umetulia na majani yana umande, unga upate kushika. Ni saa ileile tunayopita sisi. Bloa, yaani mashine ya kupulizia, inanguruma, wingu la njano linatambaa kati ya miti, na baada ya dakika chache nilikuta vumbi la njano limekaa kwenye mdomo wa mrija kama poda. Ukinyonya, koo linawasha na unakohoa. Rafiki yetu nesi alitoa glavu mpya kwenye begi lake la dawa, akakata kidole kimoja, akakivisha pale. Kilikaa mpaka mwisho wa safari, na hadi leo ndicho kifuniko changu. Muuzaji nilimwandikia aniuzie mdomo wenye kifuniko, akasoma ujumbe, hakujibu.

Tulipofika chini kabisa tulikuta akina mama na watoto wenye madumu kwenye chemchemi. Tukaamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu. Jazeni hukuhuku, juu hamtapata." Bibi mwenyewe ndiye aliyenichotea kwa kata. Mfuko wangu unafunguka kwa upana wa kiganja, hivyo maji yaliingia bila kumwagika. Mwenzangu mwenye mfuko wa kizibo kidogo cha kuzungusha alihangaika, nusu ya kata ikaishia miguuni. Tukaweka vidonge vya kutibu maji, tukasubiri nusu saa kama pakiti inavyoelekeza, huku tukitafuna korosho na mihogo ya kuchoma. Kisha tukaanza kupanda, lita 2 zikiwa ni kilo 2 mgongoni. Unazisikia, lakini kilo hizo zinapungua kila unapokunywa.

Usiweke ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, ndani ya mfuko huu. Utamu na chumvi vinaganda kwenye mrija na havitoki kirahisi. Pakiti moja ni ya lita 1 ya maji, ichanganye kwenye chupa ya pembeni na uimalize siku hiyohiyo. Baada ya mbio mimi naosha kwa maji ya vuguvugu na kijiko cha beking'i soda, nauchomeka mfuko kijiti ili ukae wazi, kisha nautundika kivulini hadi ukauke. Ukiufungia ukiwa na unyevu, na hewa ya Mtwara ilivyo nzito, mrija unaota ukungu mweusi. Wiki za kwanza maji yana ladha ya plastiki, soda hiyohiyo iliiondoa.

Nisisahau filimbi iliyopo kwenye mkanda wa kifuani. Asubuhi za Newala zina ukungu mnene kiasi kwamba aliye mita chache mbele anapotea. Tulipanga mlio mmoja ni "nipo", mitatu ni "nahitaji msaada, rudini". Anayefunga msafara ndiye anayejibu.

Vipuri Mtwara mjini sijavipata popote, kwa hiyo ukiagiza, agiza na mrija wa akiba hapohapo. Na kama kifua chako ni kipana chukua saizi moja zaidi, vipimo vyao ni vidogo.